Maoni: Stajeri wa uchungaji Kolwezi asiachwe aishi kwa bahasha za machimboni

Katika makanisa mengi ya Kolwezi kuna kazi inayofanywa kila siku na vijana wasio na posho, wasio na barua ya kazi, na mara nyingi wasio na mtu wa kuwauliza wamelalaje. Hao ni mastajeri wa uchungaji, yaani wanafunzi waliotumwa parokiani kujifunza kazi kabla ya kuwekewa mikono. Kwa maoni yangu, namna wanavyotunzwa si shauri la ndani la kanisa tu. Katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti, linatuhusu sote.

Njia zao hazifanani. Wamethodisti wana chuo chao cha theolojia Mulungwishi, kwenye barabara ya kutoka Likasi kuja Kolwezi. Waseminari wa Kikatoliki hutumwa parokiani kwa muda kabla ya kumaliza masomo. Katika makanisa ya uamsho, kijana hujifunza kwa kumfuata mchungaji wake, na makubaliano yao ni ya mdomo. Lakini wakishafika mtaani, siku zao hufanana.

Stajeri huamka kabla ya jua kwa ajili ya maombi ya asubuhi. Hupanga viti, huandika matangazo, kisha huanza kutembelea wagonjwa, mara nyingi kwa miguu. Mchana simu inaweza kuita: shimo limeanguka, kijana wa familia fulani hajatoka. Mchungaji yuko safarini au kwenye mkutano, basi anayekwenda ni stajeri. Yeye ndiye anayekaa na mama kwenye mkeka wakisubiri habari. Maiti ikipatikana, yeye hutafuta turubai ya kilio, hushika daftari la michango na huongoza nyimbo usiku kucha. Kesho yake asubuhi anatakiwa kanisani tena. Chakula chake ni bukari ya nyumba yoyote itakayomkaribisha.

Tunakumbuka Juni 27, 2019, wachimbaji 43 walipokufa katika mgodi wa KOV hapa Kolwezi. Tunakumbuka pia Novemba 15, 2025, daraja lilipovunjika kwenye machimbo ya Kalando, huko Mulondo, na serikali ya jimbo ikatangaza vifo visivyopungua 32. Hizo ni ajali zilizofika kwenye habari. Shimo linaloua mtu mmoja au wawili halifiki, lakini nyumbani kwa marehemu kilio ni kilekile, na mara nyingi anayebisha hodi kwa jina la kanisa ni kijana wa miaka 20 na kitu ambaye hakuna aliyemfundisha la kumwambia mama aliyefiwa.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Stajeri asiye na posho hulipa nini pikipiki, uniti za simu na kodi ya chumba? Hulipiwa na muumini mwenye nacho, na mwenye nacho katika mitaa yetu mara nyingi ni mwenye depo ya kununulia madini, au mkubwa wa kikundi cha wachimbaji. Simlaumu anayetoa, wengi hutoa kwa moyo safi. Lakini Jumapili stajeri akipewa mahubiri, atasemaje juu ya watoto wanaoosha mawe mtoni badala ya kwenda shule, ikiwa mawe hayohayo yananunuliwa na aliyemlipia chumba? Wengi watanyamaza. Mimi mwenyewe nisingethubutu kuwahukumu.

Wazee wa kanisa wana jibu lao: huduma ni wito, si ajira, sisi tulianza hivyohivyo, parokia haina kitu. Hoja ya mwisho ina ukweli, kwani kuna parokia ambazo hata mchungaji mwenyewe anaishi kwa sadaka ya Jumapili. Lakini kuna nyingine zinazopata saruji ya jengo jipya na vipaza sauti vya kisasa, zikashindwa kumpa stajeri hata nauli. Hilo si umaskini, ni uchaguzi.

Tena tunao mfano karibu. Masista wa Bon Pasteur wanafanya kazi Kolwezi tangu 2012 na familia za machimboni. Wamewafungulia watoto shule, wamewasaidia wakazi kulima na wamewafundisha wanawake kazi za kujipatia riziki. Sista Catherine Mutindi, Mkenya aliyeanzisha kazi hiyo, alipewa tuzo ya Opus mwaka 2019. Haikufanywa na watu waliotupwa mtaani bila mpango.

Yanayohitajika si makubwa. Kwanza, kila stajeri apewe barua inayotaja muda, kazi na msimamizi wake. Pili, posho, hata ikiwa ndogo, itoke kwenye kapu la parokia na itangazwe mbele ya waumini, isitoke mkononi mwa mtu mmoja. Tatu, afundishwe namna ya kukaa na wafiwa, na ajue ofisi gani ya kupelekea habari za mtoto anayefanya kazi machimboni. Nne, msimamizi akutane naye kila wiki na kumsikiliza. Na stajeri wa kike apewe mimbari na vilio kama wenzake, asiishie jikoni kupikia wageni.

Parokia zenye uwezo zianze mwaka huu, na zichangie zile zisizo nao. Tunamtaka kijana huyu asimame kaburini kwa niaba yetu na aseme ukweli mbele ya wenye mali. Basi tumlishe sisi, kwa pamoja na hadharani, ili asilazimike kuomba ruhusa kwa mtu yeyote kabla ya kufungua kinywa.