TUSIVUNJE SIMU, TUWASIKILIZE



Wiki iliyopita picha ya binti wa shule ilipita kwenye magrupu yetu, hili likiwemo. Wapo waliocheka. Binti hakusema nyumbani. Mama yake aliambiwa na jirani. Aliogopa kupigwa na simu kuvunjwa.

Hofu hiyo wanayo vijana wengi, Rulenge hadi Nyakahura. Anayetishiwa kuanikwa picha zake analipa kimya kimya, kesho anadaiwa tena.

Mzazi, ukiambiwa, sikiliza kwanza. Usifute ujumbe wala namba. Kwangu mtu wa mahesabu hiyo ndiyo risiti, na laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole. Nendeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto anayeogopa nyumbani apige 116, ni bure.

Nasi tusijitoe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana hata anayesambaza picha za ngono, siyo aliyepiga tu.

Mama yake ushahidi anao. Wengine wote tuifute leo. Atakayeirusha tena humu nitamwondoa, hata akiwa kiongozi.

Katibu wa Tawi