Tumeomba hekima, tukauza butura

Ndugu mwandishi, Yakobo 1:5, ahadi ya hekima kwa anayeiomba, umeieleza vizuri, ila umeishia mlangoni. Huku kwetu Kanoni hekima tunaiomba sana Januari, shule zikifunguliwa na kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Ndipo anapopita mnunuzi wa butura, yaani kahawa inayouzwa kabla ya kuvunwa, noti mkononi. Baba anapiga magoti alfajiri, anasema amina, na kabla ya saa nne keshauza kahawa ya msimu mzima kwa bei ya kutupa. Mama watoto hajaambiwa. Halafu tunalalamika eti Mungu amenyamaza!

Wazee wa Uamsho, ule uliotufikia kutoka Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuwa na utaratibu mwingine. Jambo unaloliombea unalileta mbele ya ndugu, nao wanakuhoji: deni hili la nini? Mkeo anajua? Kuna waliozidisha, siri za nyumbani zikaishia sokoni, na hilo tuliseme. Lakini ilikuwa vigumu kudai umeongozwa na Roho kumbe umeongozwa na shida.

Hata Sulemani kule Gibeoni aliomba uwezo wa kuamua mashauri ya watu, na shauri haliamuliwi bila kusikiliza pande zote.

Wachungaji mnaosoma hapa, kwenye maombi ya Januari mwalikeni na katibu wa chama cha msingi cha ushirika, aje na bei za msimu uliopita. Tuombe tukiwa na hesabu mezani.