Kinyago Bila Pori ni Kipande cha Mbao

Kuna neno moja linanichokesha. Kila wasomi wetu wa Fizi wakikutana, wanasema: Wazungu walibeba vinyago vyetu, wavirudishe! Ni kweli, walibeba. Vinyago vya Babembe viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwezi wa sita 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, tena kwa mkopo tu! Unamkopesha vipi mtu kitu chake mwenyewe?

Lakini nauliza: hata vyetu vikirudi kesho, tutaviweka wapi?

Tuangalie 'Alunga. Mgeni anaona mbao yenye nyuso mbili, moja mbele, moja nyuma, macho yamezungushiwa rangi nyeupe. Mzee wa kwetu anaona zaidi: mti uliotoka porini, manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu kichwani, nyuzi zinazomfunika mchezaji, na pango ambamo kinyago kilitunzwa. Mti, mnyama, pango na watu, vyote pamoja ndiyo 'Alunga. Ukitoa kimoja, umebakiza kipande.

Na sisi tunafanya nini? Itombwe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2006, lakini vilima vya huku kwetu tunaviacha uchi juu ya makala. Mvua ikinyesha, udongo unateremka mpaka ziwani.

Tena vita vya 1996 na 1998 vilitukimbiza Tanzania. Watoto wengi walizaliwa Nyarugusu. Watu walipoanza kurudi Baraka kwa meli mwaka 2005, watoto hao walijua Kiswahili vizuri, lakini mti gani unachongwa, hapana. Si kosa lao. Kosa ni letu sisi walimu, tunaowafundisha kuchora kwa kunakili picha za vitabu, hatuwapandishi mlimani hata siku moja. Mimi pia nimo.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya mashetani. Jamani, sisemi tufungue siri za wazee; siri ibaki kwa wenyewe. Nasema mzee mchongaji aitwe ku masomo, aonyeshe mti, watoto waupande, kisha wajifunze kuchonga. Kazi hiyo haingoji mfalme wala Kinshasa. Inangoja mvua tu, na mvua tunayo.

Tusipoanza, siku moja kinyago kitarudi kwetu kama mgeni, na nani atakijua jina?