Hakuna wa Kukutoa

Pita nje ya studio yoyote ya mtaani Dar es Salaam, iwe Sinza, Tandika au Mbagala. Kwenye benchi la wanaosubiri zamu ya kuingiza sauti hutakosa kusikia kauli hii: "Kipaji ninacho, nimekosa wa kunitoa." Anayetafutwa ni meneja mwenye pesa, lebo yenye jina, au mtangazaji atakayeukubali wimbo. Imani hii imekolea kiasi kwamba wazazi wanaijua, waandishi wa burudani wanaiandika kana kwamba ni sheria, na msanii mchanga akihojiwa humalizia kwa kuwaomba "wadau wajitokeze kunishika mkono".

Naipinga imani hiyo moja kwa moja. Ni ya uongo, na historia ya muziki wetu wenyewe inaikana. Wanamuziki waliotoka wakadumu walitolewa na wasikilizaji wao. Lebo, redio na matajiri walikuja baadaye, watu walipokwisha kujaa. Kijana anayempata tajiri kabla hajawapata watu hajatoka bado: amepata mwajiri tu, tena kwa mshahara ambao mara nyingi hajui unapigwaje hesabu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Wapenzi wa hadithi za kutolewa huanzia hapo, kana kwamba ndipo Siti alipozaliwa kimuziki. Wanaruka miaka mingi. Binti huyu wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu, aliingia mjini mwanzoni mwa miaka ya 1910, akajifunza kuimba, akaanza kuitwa kwenye majumba ya watu na kwenye harusi. Aliimba kwa Kiswahili wakati taarabu ya wakubwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na kwa hiyo mchukuzi na mama wa Ng'ambo wakasikia mambo yao yakisemwa kwa lugha yao. Kampuni ilipomfuata, mji mzima ulikuwa unamjua. Isingekuwa hivyo, Wazungu wa santuri wangemsikia wapi? Walikuwa wanatafuta soko, wakalikuta limekwisha kukaa mbele ya Siti.

Enzi za dansi nazo zina somo lao. Wakati ule vyombo vilikuwa vya mashirika. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma mikononi mwa wanamuziki wenyewe. Gitaa, spika na trampeti vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alikuwa mtu wa mshahara. Ukitaka mfano wa lebo yenye nguvu zote, ndio huo. Lakini mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alipohama JUWATA mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, yaani Sikinde, mashabiki hawakubaki nyuma kulinda magitaa. Bendi ile changa ikapanda haraka hadi kuwa moja ya bendi kubwa za nchi, na ushindani wa Sikinde na Msondo ukawagawa watu wa Dar kama Simba na Yanga. Shirika lilibaki na vyombo. Watu walikuwa wa mwimbaji.

Yupo atakayesema hayo ni ya wazee, leo mambo yamebadilika. Basi twende Mwananyamala. Jagwa Music walianza kupiga mchiriku mwaka 1992 wakiwa na kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na kipaza sauti kilichounganishwa kwa vifaa vya kuokoteza. Redio hazikuutaka muziki huo. Ulionekana wa wahuni. Kanda zao zilisikika kwenye daladala, na shughuli zao zilikuwa za uswahilini, usiku kucha. Albamu yao ya Bongo Hotheads ilitoka kwa lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Hesabu mwenyewe: lebo iliwakuta wana miaka ishirini kazini.

Singeli imepita njia hiyo hiyo. Ingia kwenye kigodoro kimoja, sherehe ya mtaani ya usiku, Manzese au Mburahati uangalie biashara ya muziki inavyokwenda. Turubai limefunga njia, spika zimepandana, DJ ameinamia laptop iliyong'oka vitufe viwili vitatu. MC hakai mbele kama nyota. Anazunguka katikati ya watu na maiki mkononi, akimtaja mama mwenye shughuli, shoga zake, muuza genge wa kona, vijana wa kijiweni, mmoja mmoja kwa jina. Kila anayetajwa anajitokeza na noti yake, anaitikisa hewani watu waione, kisha anatunza. Akichelewa, MC anamrudia kwa utani mpaka aje. Kesho yake mistari ile iko kwenye memori kadi, inapigwa kwenye bodaboda na bajaji, na mtu akiulizwa wimbo wa nani, anataja mtaa kabla ya jina.

Hapo hakuna meneja, lakini lipo soko kamili. Mteja anajulikana kwa jina, malipo ni papo kwa papo, na wimbo mbovu unajulikana usiku huo huo kwa sababu hakuna anayeinuka. Msaga Sumu hakupewa ufalme wa singeli na ofisi yoyote. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotoka kwenye studio ya Sisso pale Mburahati, ilikuwa imefuata mlio ambao mitaa ya Dar ilikuwa imeushiba tayari. Ndipo majukwaa ya Ulaya yakafunguka. Mpangilio ni ule ule wa mwaka 1928.

Sasa tugeukie upande wa pili tuone aliyetolewa kabla ya wakati wake. Mikataba inayozunguka mjini inafanana sana. Kuna kifungu cha muda: miaka kadhaa, na lebo ina hiari ya kuongeza. Kuna asilimia, na fungu kubwa ni la lebo. Halafu kuna kifungu ambacho vijana hukipita haraka kwa sababu kimeandikwa kwa lugha tulivu: kwamba mapato yote yatarudisha kwanza gharama za lebo. Gharama hizo ni studio, video, nguo za video, tiketi, hoteli, hata chakula cha waliokuja kupiga picha, na anayeziandika ni lebo yenyewe. Chini zaidi utakuta masta, yaani rekodi halisi za nyimbo, ni za lebo, na chaneli ya YouTube yenye jina lako imefunguliwa kwa barua pepe ya ofisi. Siku mkigombana unaondoka na sauti yako peke yake.

Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba uhuru wake ulimgharimu shilingi milioni 500. Sisemi alionewa. Lebo iliwekeza, na mkataba ni mkataba. Ninachosema ni kwamba yule alikuwa Harmonize, mtu aliyekwisha kupata mashabiki wa kumwezesha kulipa na kuanza upya na Konde Gang mwaka huo huo. Wewe mwenye wimbo mmoja na wafuasi wa kuazima utalipa kwa nini?

Hoja ya kwanza dhidi yangu naijua: pesa. Video nzuri ni mamilioni, kijana wa Mbagala atayatoa wapi? Nami nauliza: video hiyo anatengenezewa nani? Msanii asiye na watu hamsini wa kumlipia kiingilio anakopa ili atengeneze video ya watu milioni moja asiowajua. Wakati huo huo gharama zilizokuwa ukuta wa kweli zimeanguka. Zamani wimbo usingefika dukani bila msambazaji wa Kariakoo, yule mdosi aliyenunua masta kwa fungu moja ukatoka mikono mitupu hata kanda ikiuzwa nchi nzima. Leo kampuni za usambazaji wa mtandaoni zinapeleka wimbo wako Spotify, Apple Music na kwingineko kwa ada ndogo ya mwaka, na masta inabaki yako. Pesa ya shabiki inaingia kwenye simu yako bila kupita kwa mtu.

Hoja ya pili ni ya kisasa: "Basi sihitaji lebo, nahitaji kutrendi." Huu ni ugonjwa ule ule, mfadhili tu ndiye aliyebadilika. Jana alisubiriwa mdau, leo inasubiriwa TikTok. Nairobi waliliona hili kwa macho. Lamba Lolo ya kundi la Ethic ililipuka mwaka 2018 bila lebo kubwa, mtindo wa gengetone ukashika mji, kila mtaa ukazaa kundi. Wimbi lilipopoa, makundi mengi yaligundua kwamba waliokuwa wakicheza wimbo hawakuwa wakilijua kundi. Hata mitambo yenyewe haina huruma na asiye na watu. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. YouTube inataka wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka au video fupi za Shorts kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, kabla ya kukugawia pesa ya matangazo. Swali lao ni lile la MC wa kigodoro: watu wako wako wapi?

Nairobi hiyo hiyo ina waliolijibu mapema. Sauti Sol, walioanza mwaka 2005, walijijenga kwa kuimba mbele ya watu, Alliance Française ikiwa miongoni mwa majukwaa yao ya awali, kabla ya jina lao kuvuka mipaka. Muthoni Drummer Queen aliona hakuna jukwaa la muziki wa aina yake, mwaka 2008 akaanzisha Blankets and Wine, watu wakaja na mikeka yao na vikapu vya chakula kusikiliza wasanii ambao redio hazikuwapa nafasi. Hakusubiri kualikwa, aliandaa mwenyewe na kuwaalika wenzake.

Nisieleweke vibaya. Sihubiri ule usemi kwamba chema chajiuza. Muziki mzuri haujiuzi hata kidogo. Unatembezwa, tena kwa jasho. Wala sisemi meneja hana kazi. Meneja anasimamia kitu kilichopo: shoo za kupangwa, madeni ya kufuatilia, mikataba ya kusomwa. Msanii mwenye watu wake anamwajiri meneja kwa asilimia ya kazi iliyoingia, na akizembea anamwacha. Asiye na watu ndiye anayeajiriwa na meneja. Ugomvi wangu uko kwenye nani anatangulia.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyekaa kwenye benchi la studio, acha kusubiri. Tafuta sehemu moja, hata kama ni baa ya jirani au ukumbi wa shule, na siku moja ya wiki, usiikose hiyo siku. Watakuja watu kumi. Jua majina yao na namba zao. Wakiwa thelathini, weka kiingilio, hata kiwe kidogo, maana anayelipa ndiye anayerudi. Sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Chaneli, barua pepe na masta viwe kwa jina lako tangu wimbo wa kwanza. Siku tajiri atakapokuja, na kama una watu atakuja, mpelekee mkataba mwanasheria kabla ya kusaini, kisha ukae naye meza moja kama mtu mwenye mali.

Sisi waandishi tuna dhambi yetu. Swali letu la kwanza kwa msanii mchanga ni "uko chini ya nani?", na asiye chini ya mtu tunamwona hajakamilika. Tumwulize anapiga wapi, siku gani, na kiingilio ni shilingi ngapi. Majibu yake yatatuambia kama ni mwanamuziki au ni mtu anayesubiri kuwa mwanamuziki.

Nawe msomaji una sehemu yako. Kuna kijana anapiga muziki karibu na unapolala, na huenda unamlalamikia kwa kelele. Siku moja nenda ulipo mlango wake, lipa kiingilio, usiombe kuingia bure kwa sababu mnafahamiana. Wanamuziki wetu wametolewa na watu wa namna hiyo tangu Siti hadi singeli, na sijaona njia nyingine iliyowahi kudumu.