Bahari ni Mali ya Mkulima wa Endasak Pia

Kuna kasumba moja iliyoota mizizi katika vichwa vya baadhi yetu, na isipong'olewa mapema itatuzalia matunda machungu. Kasumba hiyo yasema kwamba bahari ni ya makundi mawili tu: watu wa pwani, ambao huvua samaki, na wageni kutoka ng'ambo, ambao hulipa fedha ili wawatazame samaki hao. Mkulima wa bara, ati, hana lake huko. Yeye alime mahindi na alizeti, achunge ng'ombe, na akitaka kujua habari za bahari aitazame katika televisheni.

Hapa Endasak, wilayani Hanang, hoja hiyo husemwa waziwazi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Hata maji yetu hayashuki pwani. Mvua ya Mlima Hanang huishia katika mabonde ya ndani, kama lile la Ziwa Balangida lenye chumvi. Kwa hiyo mtu akisikia wazo la kuwapeleka wanafunzi kisiwani wakapande mashua, wavae miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, kisha waelee juu ya matumbawe wakiongozwa na mtu anayeyajua, yeye hucheka. "Hiyo ni starehe ya Wazungu," husema. "Sisi tunahitaji madawati."

Madawati yanahitajika, na hakuna mwenye akili timamu atakayebisha. Lakini tumuulize ndugu huyu swali moja. Mwanafunzi wa Hanang akipelekwa Tarangire au Ziwa Manyara kutazama tembo, mbona hacheki? Mbona hasemi kwamba tembo ni starehe ya Wazungu? Hasemi kwa sababu kwa miaka mingi tumefundishana kwamba mbuga ni urithi wa taifa, na kwamba mwenye urithi sharti aujue. Somo hilo limefika nchi kavu likaishia ufukweni. Hapo ndipo ilipo kasoro tunayoipinga.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana wengi hulikejeli bila kulijua. Safari ya siku moja ya kutazama matumbawe haihitaji mitungi ya hewa wala ubingwa. Chombo hung'oa nanga asubuhi. Kiongozi wa safari hufuatana na kupwa na kujaa kwa maji, huchagua upande wa mwamba usiopigwa na upepo, na kumfundisha kila mmoja kuvuta pumzi kwa mrija huku uso umo majini. Asiyejua kuogelea huvaa jaketi la kuokolea na kushika boya. Kisha huinamisha kichwa. Chini yake, pengine mita mbili au tatu tu, huona kitatange, pono wanaotafuna mwamba, chewa aliyejificha pangoni, na akibahatika, kasa. Adhuhuri hula chakula juu ya fungu la mchanga, na jioni hurejea.

Hayo ni ya macho. Ya akili ni makubwa zaidi. Kiongozi anayeijua kazi yake atamweleza mwanafunzi kwamba matumbawe si mawe. Ni makundi ya wanyama wadogo sana waliojijengea nyumba za chokaa, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayowalisha kwa nguvu ya jua. Maji yakipata joto kupita kiasi, mimea hiyo hutoka, matumbawe hupauka, na hali hiyo ikidumu hufa. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, ikarudi mwaka 2016, na mwaka 2024 Tanzania ikawa tena miongoni mwa nchi ambazo matumbawe yake yalipauka. Mwalimu wa biolojia aweza kuyaandika hayo ubaoni mara kumi. Mwanafunzi aliyeyaona mara moja hatayasahau maisha yake yote.

Wapo watakaosema kwamba mashaka juu ya utalii si kasumba, na kwamba yana heshima yake katika historia yetu. Ni kweli. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliamsha mjadala mkali magazetini juu ya utalii, na mwaka 1973 Issa Shivji akaukusanya katika kitabu. Vijana wale waliuliza kama nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 ilipaswa kutumia fedha zake kujenga mahoteli ya ufukweni, na kama hatukuwa tunajiandaa kuwa taifa la watumishi wa mezani. Lilikuwa swali la haki, na halijafa hadi leo.

Lakini jibu la swali lile si mwananchi kukaa mbali na bahari. Kinyume chake! Mwananchi akikaa mbali, ndipo bahari inapogeuka kweli kuwa ukumbi wa wageni, na yeye kubaki mtumishi wa mezani au mtu asiyehusika kabisa. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atoke.

Tazameni yanayotendeka pale ambapo safari hizi zimeachwa ziongozwe na fedha ya mgeni peke yake. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hapo zamani pomboo waliwindwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kutazamwa na watalii, na hayo yalikuwa maendeleo, maana pomboo aliye hai humpatia nahodha riziki kila siku. Lakini mashua ziliongezeka, na kila mgeni akataka kuruka majini karibu nao. Nahodha anayejua kwamba bahashishi yake inategemea ukaribu huo huwakimbiza. Wenzake wakiona, nao huwakimbiza. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba pomboo hubadili mienendo yao wanapozongwa na mashua na waogeleaji, hata mapumziko yao huvurugika. Miongozo ya kuwakaribia ipo. Kinachokosekana ni abiria atakayemwambia nahodha, "Ndugu, tuwaache wapumzike."

Tazameni na Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli, na mgeni wa siku moja hatui pwani yake. Huelea katika maji yanayokizunguka pamoja na wenzake wa mashua nyingine nyingi, na watu wanapokuwa wengi katika mwamba mmoja, mapezi ya miguuni huvunja kwa teke moja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Hatumlaumu kijana anayeongoza mashua. Yeye ana watoto wa kulisha. Tunalaumu utaratibu unaompima kwa idadi ya vichwa alivyobeba, badala ya kumpima kwa yale aliyowafundisha.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na haihitaji kutafutwa mbali. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji wa Zanzibar, mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Huko wageni hupokewa kwa idadi maalumu. Wavuvi walifunzwa wakawa walinzi na waongozaji. Na jambo kubwa kuliko yote, sehemu ya fedha inayolipwa na wageni hutumika kuwaleta wanafunzi wa Zanzibar kisiwani, wakavaa miwani na kuingia majini. Miongoni mwao ni watoto waliozaliwa hatua chache kutoka baharini ambao hawajawahi kuona kilichomo ndani yake. Chumbe inaendeshwa na kampuni binafsi. Ikiwa kampuni yaweza kumtoza mgeni ili imsomeshe mtoto wa mwenyeji, taifa zima litashindwaje?

Upande wa bara nako hatuko mikono mitupu. Mbudya na Bongoyo, karibu na Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na mfanyakazi wa mjini huenda huko na kurudi siku hiyo hiyo. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya hifadhi za bahari, na mwaka 1995 ikazaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822 na vijiji ndani yake. Katika maji ya Mafia huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hana madhara kwa mtu. Na viingilio vya hifadhi hizi humtoza raia kiasi kidogo kuliko mgeni. Maana yake ni kwamba sheria imekwisha kumtambua mkulima wa Endasak kuwa mwenye mali. Yeye ndiye bado hajajitambua.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja. Mtu wa bara asidhani kwamba anaombwa kuipenda bahari kwa hisani tu. Mkono wake umo baharini siku nyingi. Kwa miongo kadhaa miamba yetu ilivunjwa kwa uvuvi wa baruti, hadi balaa hilo lilipopungua sana baada ya operesheni zilizoanza mwaka 2016. Baruti zile hazikuota ufukweni. Zilitoka katika kazi za migodi na ujenzi wa barabara, na nyingine zilitengenezwa kwa mbolea, mbolea ile ile anayoijua mkulima. Mshindo mmoja huua samaki wakubwa na wadogo, huacha mwamba kifusi, na kifusi hakizai samaki. Wangapi kati yetu walijali? Wachache. Hatukujali kwa sababu hatukuwahi kuuona mwamba ulio hai, na asiyekujua hakuthamini. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho akilini mwake ni maji ya buluu tu.

Zipo pingamizi tatu ambazo yafaa tuzijibu bila kuzidharau.

Ya kwanza ni gharama. Nauli na chakula ni mzigo kwa mzazi anayetegemea msimu mmoja wa mavuno. Lakini safari ya leo si ile ya zamani. Barabara ya lami kutoka Babati kwenda Dodoma kupitia Kondoa imekamilika, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Kilichobaki ni mashua na kiongozi, na bei zake zimepangwa kwa mfuko wa mgeni. Hilo larekebishika.

Ya pili ni usalama. Mzazi wa Endasak ana haki ya kuogopa, kwa kuwa mtoto wake hajui kuogelea. Lakini hofu hiyo ni hoja ya kumfundisha, wala si hoja ya kumfungia nyumbani. Nchi hii, yenye pwani ndefu na maziwa makuu matatu mipakani mwake, ililia kwa MV Bukoba mwaka 1996, kwa MV Spice Islander mwaka 2011, na kwa MV Nyerere mwaka 2018. Kuogelea kusingewaokoa wote, lakini taifa lenye maji mengi namna hii halina udhuru wa kuwalea watoto wasioweza kuelea hata dakika mbili.

Ya tatu ni adabu. Wapo wazazi wanaodhani kwamba kwenda baharini ni kuvua nguo na kuiga. Hiyo ni picha waliyoiona katika matangazo ya biashara. Mwamba hautazami mavazi. Binti aweza kuingia majini akiwa amejistiri kwa nguo ndefu na jaketi la kuokolea, akaona yale yale aonayo mgeni, na akatoka na heshima yake kamili.

Basi, nini kifanyike? Kwanza, mamlaka za hifadhi za bahari, Bara na Zanzibar, kila upande kwa sheria zake, zitenge siku za wanafunzi wa mikoa isiyo na bahari. Mwanzo wa Desemba wafaa: shule zinafungwa, kaskazi inaanza, na msongamano wa wageni wa mwisho wa mwaka haujafika. Pili, kila chombo chenye leseni ya kubeba watalii kitoe nafasi kadhaa kwa mwaka kwa wanafunzi, kwa bei ya gharama tu. Tatu, kiongozi wa safari afunzwe na kupimwa kama mwalimu, na anayekimbiza pomboo au kutupa nanga juu ya matumbawe anyang'anywe leseni. Nne, kuogelea kuingizwe kwa vitendo katika michezo ya shule, hata kama ni kwa bwawa moja la kila wilaya.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomnyima mgeni nafasi yake. Aje, alipe, afurahi, arudi kwao salama. Lakini akifika mwambani na amkute huko mtoto wa Hanang, ameinamisha uso majini, anahesabu aina za samaki na kuandika majina yake kwa Kiswahili. Siku hiyo mgeni atajua kwamba amekuja katika nyumba yenye wenyewe, na nahodha atajua kwamba mwenye mali anatazama. Nyumba ambayo wenyewe hawaingii huibwa mchana kweupe, tena kwa stakabadhi.