Utafiti Urudi Songwe

Ndugu zangu wahadhiri wa anthropolojia na taaluma za maendeleo, maneno haya nayaelekeza kwenu, na kwa vijana wa mkoa wetu wa Songwe wanaoitamani kazi yenu.

Kazi hiyo ni njema. Mtu anayelipwa ili asikilize jinsi wenzake wanavyoishi amekabidhiwa dhamana kubwa. Lakini dhamana hiyo haiishi siku kitabu kinapotoka mtamboni.

Kati ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti kwa jirani zetu Wanyakyusa, wakisaidiwa na karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo. Baadaye Monica alikuwa profesa wa anthropolojia Cape Town, na mwaka 1958 akatoa kitabu juu ya makabila ya ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, Wanyiha na Wanyamwanga wakiwamo. Ni kazi ya thamani sana. Ila iliandikwa kwa Kiingereza, ikachapwa Cape Town. Mjukuu wa Mbozi akitaka kujua yaliyoandikwa juu ya babu zake, aanzie wapi?

Tuseme huo ulikuwa ukoloni. Je, sisi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973, Azimio la Arusha likiwa bado linanguruma. Lakini leo mtafiti anashuka Tunduma, mpakani, na dodoso lake. Anamsimamisha mama mwenye ndoo ya nyanya anayevuka kwenda Nakonde, Zambia, malori ya shaba yakijikokota kando yao. Mama anaeleza yote: anauza kiasi gani, ushuru unambana wapi, kwa nini bado wapo wanaopita njia za panya ingawa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilifunguliwa mwaka 2019. Nusu saa ya biashara imekwenda, nyanya zinapigwa jua. Anaambiwa asante. Mwaka unapita, wa pili unapita, mtafiti haonekani wala karatasi yake.

Chanzo nakijua: ni cheo. Mhadhiri hupandishwa kwa makala za majarida ya kitaaluma, na mengi ni ya Kiingereza. Sisemi muache kuandika huko. Nasema vyuo vihesabu pia ripoti iliyorudishwa kwa wenyewe.

Wapo watakaodai mwanakijiji hataielewa. Aliyeweza kuitoa habari atashindwaje kuisikia? Tena atakusahihisha, na utafiti wako utapata nguvu.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Mtafiti wa Mbozi, Momba au Ileje aombe nafasi humo, asome matokeo yake kwa Kiswahili, aulizwe maswali na ayajibu. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine kwenye shule ya sekondari ya kata. Nawe kijana wa Vwawa unayeingia chuo kusomea fani hizi, usingoje uprofesa: anza na tasnifu yako ya kwanza.