Mtoto Mwenye Mzio: Tusiilaumu Sukari Bure



Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini. Mvua kubwa za El Nino zililowesha mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuzalisha kama kawaida, na bei ikapanda. Hata sisi wa Bonde la Kilombero, tunaopishana kila siku na malori ya miwa, tulikunywa chai bila sukari. Familia nyingi ziligeukia asali, sukari guru na ndizi mbivu. Hilo si baya. Lakini tangu wakati ule tumezidi kuulizwa swali hili: "Mwanangu anadhuriwa na chakula. Nikiacha sukari, nimpe nini badala yake?" Yafaa tulijibu kwa makini, maana jibu la haraka laweza kugharimu uhai wa mtoto.

Mama mmoja wa hapa Mkula alimleta mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Midomo ilikuwa imevimba na vipele vimejaa mwilini, muda mfupi tu baada ya kunywa uji. Tulimpa dawa, uvimbe ukapungua, wakarudi nyumbani. Hapo tukiri kosa letu sisi wauguzi: hatukumwuliza mama uji ule una nini ndani yake. Nyumbani, bibi na majirani wakakubaliana kwamba mbaya ni sukari ya dukani. Mama akaiacha, akatia asali. Unga ukabaki uleule. Baada ya siku chache mtoto aliletwa tena, safari hii akipumua kwa shida. Alichomwa sindano ya adrenalini, akapona. Ndipo tukauliza, tukaambiwa ni unga wa lishe uliosagwa pamoja na karanga. Adui alikuwa karanga, na sukari ilisingiziwa.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita, hutokea mwili unapoiona protini ya chakula fulani kama adui na kupigana nayo. Vyakula vinavyoleta shida hii mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho, ufuta, soya, ngano, samaki na kamba. Sukari nyeupe iliyosafishwa karibu haina protini kabisa. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kwanza tumtafute adui wa kweli, ndipo tuzungumze habari ya utamu. Mzazi anayebadili sukari tu ni kama aliyebadili kufuli huku mwizi yumo ndani.

Sasa tuviangalie vitu vinavyotumiwa badala ya sukari.

Asali: Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata kwa kulambishwa. Yaweza kuwa na mbegu za vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na kuichemsha ndani ya uji hakuziui mbegu hizo. Aliyevuka mwaka anaweza kuila, ingawa wapo wachache wanaodhuriwa na chavua iliyomo. Tuangalie pia chombo chake, isije ikawa imetiwa katika kopo lililokuwa na siagi ya karanga.

Sukari guru: Ni sukari ileile ya miwa, ila haikusafishwa sana. Haitibu mzio, na meno huharibika vilevile.

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, na chokoleti ya kupaka: Ya kwanza ni maziwa, ya pili mara nyingi ina maziwa na jamii ya karanga au korosho. Tusome maandishi ya kopo. Yakiwa ya Kiingereza, tumwombe kijana wa sekondari atusomee.

Vidonge vya utamu vya wagonjwa wa kisukari: Mtoto asipewe bila ushauri wa daktari. Vingine vina laktosi, ambayo hutokana na maziwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitu vya namna hii visitumike kwa ajili ya kupunguza uzito, likahimiza watu wapunguze utamu wa chakula tangu utotoni.

Ndizi mbivu iliyopondwa: Hii ndiyo tunayoipendelea. Inapatikana, tunaijua, na haijachanganywa na kitu. Hata hivyo, chakula kipya tukijaribu kimoja kimoja, kidogo, mchana, na kungoja siku kadhaa kabla ya kuongeza kingine. Mtoto aliyewahi kuzidiwa asijaribiwe nyumbani pasipo ushauri wa daktari.

Tena tukumbuke kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji kuongezewa sukari wala asali. Yule mtoto wetu angekunywa uji usio na utamu wowote, bora usiwe na karanga. Na aliye mkubwa, akitaka utamu kidogo, kijiko kidogo cha sukari safi ni salama kwake kuliko kitu tusichojua kimechanganywa na nini. Tuwe waangalifu na sukari ya kupima iliyochotwa kwa kopo la karanga, na unga uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga karanga.

Kuna kosa jingine: kumkataza mtoto kila kitu. Tumeona watoto walionyimwa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa pamoja, wakaingia utapiamlo. Si kila kipele ni mzio. Tuondoe kile tu kilichothibitishwa, na mahali pake tuweke maharage, kunde, dagaa au mayai, kadiri anavyovimudu. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Midomo au ulimi ukivimba, mtoto akikohoa mfululizo, akitapika tena na tena, akihema kwa shida au akilegea baada ya kula, tusingoje kuche. Apelekwe hospitali mara moja.

Mwisho, siri ya mzio isikae kwa mama peke yake. Bibi, mwalimu wa chekechea na jirani wa jumuiya waambiwe. Kwenye sherehe ya Komunyo ya Kwanza biskuti hutolewa kwa upendo, na anayeitoa hatajua kilichomo kinamdhuru mtoto kama hatukumwambia.